Nani Aanze Namba Tisa

Jumamosi, 10 Aprili 2021

Daftari hili kaniletea Stephania. Kasema, "Tumpe, kila ukitaka kumjibu Mzee Bisimwa kwenye kundi, andika humu kwanza. Ulale. Ukiamka na bado unataka kutuma, tuma." Yaani rafiki yangu ananipa dawa kama mgonjwa. Haya, naandika.

Leo tumefungua msimu. Mwangaza FC, timu yetu ya hapa Doonside, Australia, imetoka sare ya bila kufungana, na aliyeanza namba tisa ni Blaise. Blaise! Kijana ana mbio, sikatai, lakini mbio za kwenda wapi? Mara nne kabaki yeye na kipa, mara nne mpira umekwenda kwenye maegesho. Ile ya nne imegonga gari la mchungaji. Huku Adam, mtoto wa watu kutoka Tanga, mrefu, anayejua kufunga kwa kichwa, kakalishwa benchi na koti lake mpaka dakika ya themanini.

Kwetu kocha hapangi safu ya mbele. Kocha Symphorien anapanga kipa, mabeki na viungo, basi. Washambuliaji watatu tunawapanga sisi mashabiki, kwa kura, kila Alhamisi jioni kwenye WhatsApp. Alituachia mwenyewe miaka mitatu iliyopita, alipochoka kuzingirwa na watu kila Jumapili baada ya ibada. "Washambuliaji muchukue," alisema, "muniachie amani yangu." Mawinga hawana ubishi. Ubishi ni namba tisa. Wakongo wanamtaka Blaise wao, sisi Watanzania tunamtaka Adam wetu, na Wakongo ni wengi. Jemadari wao ni huyo Mzee Bisimwa, mtu wa Bukavu, miaka hamsini na nane, anayefanya kazi ghalani na kusema kama bado yuko katikati ya mashine.

Alhamisi, 22 Aprili

Blaise kura 31, Adam 19. Niliyoandika hapa nimeyakata kwa kalamu.

Jumapili, 9 Mei

Huku leo ni siku ya akina mama. Nimempigia Mama, kwetu Tukuyu. Sijamwona tangu 2018. Nilikuwa na tiketi ya Aprili mwaka jana, nchi ikafunga mipaka, na hadi leo ukitaka kutoka Australia lazima uombe ruhusa serikalini. Mama hajui mpira, lakini huuliza, "Timu yenu inaendeleaje?" kwa sababu anajua hapo nitachangamka na hatasikia tena habari za upweke wangu. Leo nimemweleza nusu saa nzima juu ya Adam. Kanisikiliza, kisha kauliza, "Ameoa huyo?"

Jumamosi, 12 Juni

Adam kaingia dakika ya sitini, kafunga mawili. Mawili! Sauti yangu imekwisha. Mzee Bisimwa anasema yote yalikuwa ya kuotea. Anasema hata lile la kwanza, lililogonga beki wao, kisha kichwa cha Adam, kisha nyavu. Mungu wangu, mtu anaweza kuangalia jua akasema ni taa.

Alhamisi, 24 Juni

Adam 26, Blaise 25! Nimecheza jikoni peke yangu na mwiko mkononi. Mzee Bisimwa kadai kura zihesabiwe upya. Anamtuhumu Stephania, msimamizi wa kundi, kupiga kura mara mbili. Voisi yake ina dakika sita, na inaanza na Kifaransa chake cha "kusema kweli". "Franchement, dada Tumpe, hii haiko demokrasia, hii ni wizi!" Jumamosi Adam anaanza. Nimeshapiga pasi jezi.

Jumamosi, 26 Juni

Hakuna mechi. Mji mzima umefungwa kuanzia leo jioni, ugonjwa umeingia tena. Nimekaa kitandani na jezi yangu imepigwa pasi. Siamini. Siku moja tu! Wangesubiri siku moja tu!

Alhamisi, 8 Julai

Wameongeza wiki. Tumepiga kura hivyo hivyo, ili tukifunguliwa tuwe tayari. Blaise 28, Adam 23.

Alhamisi, 15 Julai

Wameongeza tena. Blaise 27, Adam 24.

Alhamisi, 29 Julai

Wameongeza mwezi mzima. Hatutakiwi kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani. Stephania yuko Guildford, kwa hiyo sitamwona. Mimi naishi peke yangu, natoka kwenda kazini kwenye nyumba ya wazee, narudi, nafunga mlango. Ligi nayo imefuta msimu. Nilidhani hapo kura zitakwisha. Thubutu! Leo tumepiga kura ya mechi ambayo haipo, ya ligi iliyofutwa, na watu wametukanana kama fainali. Mimi nilikuwa wa kwanza.

Ijumaa, 6 Agosti

Mdogo wangu Peninah kapiga. Mama kalazwa. Alikuwa na kikohozi tangu wiki iliyopita na hawakuniambia. Hospitali wanasema "changamoto ya upumuaji." Huko kila mtu ana changamoto ya upumuaji na hakuna anayeitaja kwa jina. Nimeomba ruhusa ya kusafiri. Fomu imeniuliza kama safari yangu ina ulazima. Nimeandika MAMA YANGU kwa herufi kubwa.

Jumanne, 10 Agosti

Hawajajibu. Mama yupo kwenye oksijeni. Peninah ananipigia mara mbili kwa siku na kunieleza kila kitu: kiwango cha hewa, uji aliokunywa, jina la nesi. Mungu ambariki huyu mtoto. Ninachoomba ni kimoja tu, nimsikie Mama akisema jina langu tena. Kufika nitafika wakinifungulia.

Jumamosi, 14 Agosti

Mzee mmoja tunayemhudumia kazini kakutwa na ugonjwa, na mimi ndiye niliyemwogesha Ijumaa. Nimefungiwa ndani mpaka mwisho wa siku ya tarehe 27. Sitoki hata kutupa taka, haingii mtu. Polisi na mwanajeshi mmoja wamekuja kuhakiki kwamba nipo. Mwanajeshi kijana kabisa, kasimama mbali kule chini, kaniambia nipunge mkono dirishani. Nimepunga. Kwa hiyo hata ruhusa ya kusafiri ikitoka, siendi popote.

Mashabiki wote wanajua habari za Mama, nimewaomba dua. Wameomba vizuri. Baadaye Mzee Bisimwa kaongeza, "Na Mungu atufungulie macho tuone Blaise ni nani." Nimecheka kwa hasira.

Jumatano, 18 Agosti

Nimemwona Mama kwenye video! Barakoa ya oksijeni imemfunika uso wote, hawezi kuongea, lakini Peninah alipomwambia "Huyu Tumpe," kainua mkono. Kauinua hasa. Nimepiga kelele mpaka jirani kagonga ukuta.

Alhamisi, 19 Agosti

Leo nimeshangaa mara mbili.

Kwanza, Peninah hakupiga kama kawaida yake. Nimempigia mara tisa. Jioni kaandika: "Anaendelea. Mtandao mbaya." Basi, hayo tu. Peninah, anayenitajia mpaka jina la nesi!

Pili, kura. Adam 49, Blaise 2. Nimedhani simu yangu imeharibika. Nimefungua voisi ya Mzee Bisimwa, nimejiandaa kwa vita, nikamsikia kwa sauti ya chini, taratibu, "Dada Tumpe, nimefikiri sana. Uko na haki. Adam aanze." Nimeirudia mara tano. Mimi? Niko na haki, yaani nimesema kweli? Mzee Bisimwa? Mwisho nikaandika, "Asante, Mzee."

Ijumaa, 20 Agosti

Simu haijanyamaza. Stephania mara nne. Kocha Symphorien, ambaye hapigiagi mtu. Mzee Bisimwa kapiga mwenyewe, mara ya kwanza tangu nimjue, tumekaa saa nzima. Eti nimweleze nafasi anazochukua Adam kwenye kona. Nimemweleza. Kila nikisema "Ngoja kwanza, nataka kumpigia Peninah," anakumbuka swali jipya. Kwa mbali namsikia mkewe, Léonie, akimnong'oneza kitu.

Nimemkosea huyu mzee, nadhani. Miaka mitatu namwona mgomvi asiyejua mpira, kumbe alikuwa anataka mtu wa kumfundisha.

Jumamosi, 21 Agosti

Nimecheka leo mpaka mbavu zinauma!

Wametengeneza mechi. Wametangaza tangu asubuhi: Mwangaza dhidi ya wapinzani wetu wakubwa, saa kumi na mbili kamili jioni, simu ya pamoja ya kundi zima. Mtangazaji ni Mzee Bisimwa, sebuleni kwake, bila mpira, bila uwanja, anabuni tu. Adam kaanza namba tisa. Bwana wee! Huyu mzee alikosea kazi, ghalani anafanya nini? "Adam anaruka... anaruka... jamani, huyu kijana ataanguka saa ngapi?" Watu wanashangilia majumbani mwao, watoto wanapiga masufuria. Kila nikitaka kukata simu nipige Tukuyu, mtu ananiita: "Tumpe, hiyo ilikuwa penalti au siyo?" Nami siwezi kuacha penalti ipite.

Zikaisha dakika tisini, mbili kwa mbili. Mzee akasema kuna muda wa nyongeza. Muda wa nyongeza ukaisha, akasema penalti. Penalti kumi na moja kila upande, mpaka makipa wamepiga. Adam kafunga ya ushindi. Mzee sauti ilikuwa imemkauka kabisa pale mwisho, alisema "Imekwisha, dada. Imekwisha," kisha akakata.

Sijafurahi hivi tangu Juni.

Jumatatu, 23 Agosti

Sasa kuna hata marufuku ya kutoka usiku. Peninah: "Anaendelea."

Jumanne, 24 Agosti

Nimeomba video. Anasema kamera ya simu yake imekufa. Nimempigia mjomba: "Anaendelea." Nimempigia mama mdogo: "Anaendelea, mwanangu, wewe jitunze." Wamekubaliana nini hawa? Neno moja watu watatu!

Alhamisi, 26 Agosti

Adam 51, Blaise 0. Hata Blaise mwenyewe kampigia Adam. Sifurahii tena. Nilipenda kushinda, sikupenda kupewa.

Peninah hakupokea. Hasira zikanipanda, na nimefanya nililokatazwa, nimetuma bila kuandika humu kwanza. Nimemwambia anamlinda Mama dhidi yangu kama mali yake. Nimemwambia kukaa karibu na kitanda hakumfanyi awe mtoto kuliko mimi. Ameusoma ujumbe. Kajibu, "Pole dada."

Pole ya nini?

Jumamosi, 28 Agosti

Mama amekufa.

Nimeandika nione kama mkono utakubali. Umekubali.

Asubuhi nilikuwa huru. Nilifungua mlango, nikasimama tu kwenye ngazi navuta hewa. Saa nne Léonie akapiga simu akasema anakuja kunisalimia. Sheria inamruhusu anayeishi peke yake kutaja mgeni mmoja tu, wa karibu, na Stephania alikuwa ameniomba Jumatano niandike jina la Léonie kwa sababu anakaa hapa hapa Doonside, dakika kumi na mbili kwa miguu. Niliona ajabu, mimi na Léonie tumesalimiana mara chache tu kanisani. Lakini nikaandika. Nilikuwa na njaa ya mtu.

Alikuja na kitenge, thermos, na chungu cha maharage. Barakoa usoni. Sikuelewa. Nilifurahi! Nilimwambia karibu, karibu, mwambie Mzee alinichekesha sana Jumamosi ile. Léonie akaweka chungu chini, akafunga mlango, akarudi akanishika mikono yote miwili. Wiki mbili sikuwa nimeguswa na mtu.

"Ikala kwanza, dada," alisema.

"Nikae nini, ngoja nichemshe maji."

"Tumpe. Ikala."

Nikakaa. Akakaa pembeni yangu, akanishika mabega kabisa, ndipo akasema. Alisema jina zima la Mama. Akasema Alhamisi ya tarehe 19, alfajiri ya kwao.

Nilimwambia hapana, Peninah amesema anaendelea. Nilimwambia mara nyingi. Nikachukua simu nimwonyeshe, angalia, jana tu, anaendelea, angalia. Akanishika. Ana nguvu huyu mwanamke, huwezi kujua kwa kumtazama. Nilipiga kelele ambazo sikujua ninazo, jirani hakugonga ukuta.

Baadaye, sijui saa ngapi, nikauliza, "Watamzika lini?"

Léonie akanikunjulia kitenge mabegani. Alinitazama tu juu ya barakoa.

"Léonie. Watamzika lini?"

"Bilishaisha, dada. Jumamosi iliyopita."

"Jumamosi saa ngapi?"

"Saa tano ya kwenu. Hapa ilikuwa saa kumi na mbili jioni."

Nilielewa kabla hajamaliza. Mechi. Waliniwekea mechi saa ya mazishi ili nisipige simu Tukuyu na kusikia watu wakilia. Nikauliza kuhusu muda wa nyongeza, sijui kwa nini niliuliza hilo. Léonie akasema mchungaji alichelewa, mvua ilikuwa imeharibu njia, jeneza lilikuwa bado nyumbani. Peninah alikuwa anamwandikia Stephania, Stephania anamwandikia Mzee: bado, bado, ongeza. Waliposhusha jeneza ndipo Mzee akamruhusu Adam afunge.

Nilikuwa nashangilia. Jamani. Mama anashushwa, mimi huku nashangilia penalti.

Nilimwuliza ni nani aliyeamua. Akanieleza yote, hakunificha. Peninah alimpigia Stephania alfajiri ile, kama inavyofanyika, umpigie mtu wa karibu ili akusanye watu, waende wakakae naye, ndipo aambiwe. Mtu hapewi msiba akiwa peke yake kwenye simu. Lakini mimi nilikuwa nimefungiwa, haingii mtu mpaka tarehe 28. Wakafungua kundi jingine la siri, mashabiki wote isipokuwa mimi. Wakabishana siku nzima. Adam alisema niambiwe mara moja. "Ni mama yake, si wetu," alisema, "mimi ningetaka kujua." Wengine wakasema nitajidhuru humu ndani. Mzee Bisimwa akasema nisiambiwe mpaka kuwe na mikono ya kunishika. Kisha wakapiga kura. Arobaini na nne nisiambiwe, sita niambiwe.

Walipiga kura! Kifo cha mama yangu walikipigia kura, kama safu ya mbele!

Nikamwambia Léonie atoke. Hakutoka. Alisema, "Baba yangu alikufaka, mi niko ku camp ya wakimbizi, Uganda. Balinambia ku telefoni, niko ku foleni ya unga. Nilianguka pale, batu balinipita. Balinipita, dada, foleni ilikuwa inatembea." Akanimiminia chai. "Unaweza kunifukuza kesho."

Nilikwenda dirishani nipate hewa. Mzee Bisimwa alikuwa barabarani, na jaketi la ghalani, barakoa, anatembea. Haruhusiwi kuingia, mgeni ni mmoja tu. Lakini mazoezi yanaruhusiwa, saa moja kwa siku. Alikuwa anazunguka mtaa wetu. Akapita, akakunja kona, baada ya dakika chache akatokea tena upande wa pili. Hakutazama juu hata mara moja. Nilimhesabu mara tano. Nilimchukia kila mara alipotokea.

Jumapili, 29 Agosti

Léonie alilala kwenye kochi kwa sababu ya marufuku ya usiku. Kaondoka asubuhi, kanipikia uji.

Nimelifungua daftari hili kwenye ukurasa wa tarehe 21. "Nimecheka leo mpaka mbavu zinauma." Mwandiko wangu mwenyewe. Nimeshtuka kama nimekuta barua ya mtu mwingine, mjinga fulani, mwenye furaha.

Jumatatu, 30 Agosti

Nimezungumza na Peninah. Nilimwomba msamaha kwa ule ujumbe, akalia, nikalia. Kasema aliusoma akiwa anaosha sufuria za matanga. Kasema Mama alikufa usingizini, hakuhangaika. Nimemwuliza mara tatu kama ni kweli. Hilo ndilo walilonichukulia: sasa kila anachoniambia mtu lazima nikiulize mara tatu.

Nimejitoa kwenye kundi.

Alhamisi, 2 Septemba

Hawajapiga kura. Stephania kaandika kwamba hakuna aliyekuwa na moyo. Sikumjibu.

Jumamosi, 4 Septemba

Léonie kaja na sombe, kisamvu chao. Tumekula yote. Sijamfukuza.

Nimemwuliza kama angekuwa mimi angetaka nini. "Singetaka kuambiwa na singetaka kufichwa," kasema. Angalau huyu hasemi uongo.

Jumapili, 5 Septemba

Adam kapiga. Kaomba radhi kwamba aliwatii wenzake. Nikamwambia wewe ulikuwa upande wangu, unaomba radhi ya nini? Kasema, "Dada, nilipokuwa nasikia Mzee anatangaza jina langu, nilikuwa chooni nimeziba masikio. Nilifunga magoli ya msiba." Mtoto wa watu. Nimemwambia ale, apumzike, asome.

Jumatano, 8 Septemba

Mzee Bisimwa anapita kila siku. Saa tano asubuhi, kabla ya shifti yake. Duara tatu, nne, hatazami juu. Wote wengine wananiandikia maneno laini: pole, jipe moyo, tunakupenda. Kazini wamenipa maua. Kila mtu anaongea nami kama mimi ni yai. Nimechoka na pole zao, na nikiwajibu vibaya wananielewa, jambo linalonichosha zaidi.

Alhamisi, 9 Septemba

Leo saa tano nilikuwa naanika nguo kwenye roshani. Mzee Bisimwa akatokea kwenye kona. Nilidhani atapita. Akasimama chini yangu, akatazama juu kwa mara ya kwanza, akashusha barakoa kidogo, akairudisha haraka akikumbuka sheria.

"Dada Tumpe."

Nikaendelea kuanika.

"Nilikudanganya mara mbili," alisema. Sauti ya ghalani, mtaa mzima unasikia. "Ya kwanza ni ile ya mama. Ile, hata unichukie, ningeirudia kesho. Sikukuacha uanguke peke yako. Unichukie, hapana neno."

Nikashika ukingo wa roshani. Nilikuwa tayari kumtupia ndoo.

"Na ya pili?" nilisema.

"Ya pili inaninyima usingizi. Nilisema Adam aanze." Akatikisa kichwa. "Franchement, dada, nilisema kwa sababu ya msiba. Adam hawezi kuanza. Ile kijana haiko na mbio hata ya kukamata basi. Blaise njo namba tisa, Blaise tu. Nilidanganya, naomba msamaha, na leo jioni ni kura, napigia Blaise."

Nilishangaa mpaka midomo ikawa wazi. Mtu na akili zake! Mama yangu hana hata wiki tatu kaburini, na mzee huyu kasimama barabarani anazungumza habari za Blaise! Damu ikanipanda kichwani, ile damu yangu ya siku zote, ambayo sikuiona tangu tarehe 28. Nikavuta barakoa, nikashuka ngazi bila viatu, nikasimama mbele yake, mita moja na nusu, nikamwambia, Blaise? Blaise aliyempigia gari mchungaji? Blaise mwenye mara nne na kipa, bao sifuri? Wewe mzee una macho au una vifungo?

"Na goli la Adam la kuotea, utasemaje?"

"Lilimgonga beki wenu! Beki!"

"Beki wao, dada."

"Wao, ndiyo, beki wao, unanichanganya!"

Na hapo hapo nikaanza kulia. Sikuacha kubishana. Nilikuwa nasema kona, nasema kichwa, nasema dakika ya sitini, machozi yanaingia kwenye barakoa mpaka imelowa, na katikati ya maneno nikasema, "Nilishangilia, Mzee. Anazikwa, mimi nashangilia." Nilingoja aniambie pole. Angeniambia pole ningerudi ndani nisitoke tena.

Macho yake yalikuwa mekundu. Aliyafuta kwa mkono wa jaketi.

"Ulishangilia Adam," alisema, "na hata pale haukuwa na haki."

Nikamtukana tusi la Kinyakyusa ambalo hakulielewa. Akanijibu la Kimashi cha kwao ambalo sikulielewa. Mama mmoja wa jirani akafungua dirisha, akauliza kwa Kiingereza kama tunahitaji msaada. Mzee akamwambia hapana, ni mpira tu. Tukaendelea mpaka saa yake ya mazoezi ikaisha, akaondoka mbio akichelewa shifti, bado anageuka nyuma na kunihesabia kwa vidole magoli ya Blaise.

Jioni nimemwambia Stephania anirudishe kwenye kundi. Hakuna aliyesema karibu tena, nadhani wameogopa. Nimesikiliza voisi ya Mzee, ina dakika saba. Nimepiga kura yangu, Adam, kisha nimeshika kitufe cha kurekodi na kuanza kumjibu.